Kopo la Vitambulisho

Kila mgeni aliyeingia katika kampuni ile ya malori, Changamwe, alimwachia Nduku kitambulisho chake. Nduku, ambaye wenzake kazini walimwita Mama Mutua kwa jina la mwanawe, alikaa kwenye meza ya mapokezi karibu na lango. Mgeni aliandika jina na nambari ya simu katika kitabu, na kitambulisho kikatiwa katika kopo la biskuti mpaka atakapotoka. Wengi walikumbuka kukichukua. Waliosahau ndio waliomkosesha Nduku raha, kwa sababu mtu asiye na kitambulisho ni kama hayupo: hapati kazi, hasajili laini ya simu, hata barua yake hapewi.

Hilo hakufundishwa na mtu. Aliposhuka kutoka Makueni, msichana wa kazi za nyumbani, mwenye nyumba alikiomba kitambulisho chake amwekee vizuri, akakifungia kabatini. Hakumpiga wala kumnyima chakula. Ila kila Nduku alipotaka kuondoka, aliambiwa angoje, kimewekwa mbali. Babake alizikwa yeye akiwa Changamwe, anakunja nguo za watu. Tangu alipokipata tena, hakuwahi kumkabidhi mtu kitambulisho isipokuwa yule mwenye sura iliyomo.

Siku ya mwisho ya kazi kabla ya Krismasi, Maxwell, meneja wao, kijana mwenye haraka, alizunguka ofisi nzima akihimiza usafi. Makaratasi ya zamani yakatwekatwe, droo zifungwe, vijikaratasi vilivyobandikwa kwenye kompyuta vitolewe.

"Hatuwezi kuacha siri za watu mezani tukaenda kula sikukuu," alisema. "Carolyne, paswadi yako hata paka wa kantini anaijua."

"Basi paka aje anisaidie kufunga hesabu, bosi," Carolyne akajibu, huku akikibandua kijikaratasi chake.

Maxwell akamgeukia Nduku. "Na hilo kopo, Mama Mutua. Januari nisilione."

Vitambulisho vilikuwa vimebaki vichache. Cha juu kilikuwa cha Phoebe, mwanamke aliyekuja wiki iliyotangulia kuulizia kazi ya usafi. Alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja kuitwa, akatupa jicho barabarani kupitia dirishani, na rangi ikamtoka usoni. "Mama, kuna mlango mwingine?" aliuliza. Nduku hakumhoji. Alimwonyesha lango la malori, kule nyuma. Kitambulisho kikabaki. Tangu siku ile Nduku alikuwa amempigia mara kadhaa, simu ikiita bila kujibiwa.

Adhuhuri akaingia mwanamume aliyepiga pasi shati lake vizuri, mpole wa sauti. Akajitambulisha kuwa Jacktone.

"Habari ya kazi, mama. Mke wangu alisahau kitambulisho hapa. Amenituma." Akamwonyesha picha ya harusi kwenye simu. Phoebe alikuwa ndani ya gauni jeupe, amenenepa, anacheka.

"Namwona," Nduku akasema. "Aje mwenyewe."

"Anaumwa."

"Pole yake. Akipata nafuu, aje."

"Mama, kweli kati ya mume na mke kuna chako na changu?"

"Kwenye kopo hili kipo."

Jacktone akacheka kidogo. Mkono wake ukakivuta kitabu cha wageni, ukaanza kurudisha kurasa nyuma. Nduku akaubandika mkono wake juu ya ukurasa. Nambari ya Phoebe ilikuwa humo, wazi kwa yeyote mwenye macho.

"Hiki ni cha kuandika, baba. Si cha kusoma."

"Nilimwona kwa macho yangu akiingia hapa, na hakutoka!" Sauti ya upole ilikuwa imekwisha.

"Si umesema amekutuma?"

Maxwell aliisikia sauti, akatoka ofisini kwake. "Mpe, Mama Mutua, tufunge. Si ni mkewe?"

"Bosi, asubuhi umetukataza kuacha siri za watu mezani. Mwenye kitambulisho naye ni mtu."

Maxwell alimtazama Jacktone, akautazama mkono wa Nduku uliokuwa bado juu ya kitabu. "Mambo ya nyumba za watu siyajui," akasema hatimaye. "Lakini kukizuka kesi, ni jina lako."

"Liwe langu."

Jacktone alirudisha simu mfukoni taratibu. "Sawa. Hata wewe una njia ya kwendea nyumbani. Niko hapo nje."

Nduku alikifungia kitabu kabatini, ufunguo akamkabidhi Maxwell. Kisha akaandika ujumbe: *Mimi ni mama wa mapokezi, Changamwe. Kitambulisho chako ninacho. Usiniambie unakaa wapi. Nitajie tu mahali penye watu wengi.* Jibu lilichelewa, naye alikuwa karibu kukata tamaa lilipoingia. *Kesho asubuhi, Kongowea, kwa wauza vitunguu.*

Nduku alitokea lango la nyuma. Rashid, mlinzi wa huko, akamtania: "Leo umekuwa mzigo, Mama Mutua, watoka na malori?" Alipomwona usoni, mzaha ukamwisha. "Wallahi, kuna nini?"

"Kuna mtu mbele ananingoja."

Rashid akachukua rungu lake. Alimsindikiza kati ya magurudumu marefu kuliko yeye, mpaka barabara ya upande wa pili. Nduku alitembea akigeuka nyuma kila hatua. Phoebe alipita papa hapa, aliwaza, na hakuwa na wa kumsindikiza.

Kesho yake soko la Kongowea lilikuwa limefurika wanunuzi wa Krismasi. Phoebe alijitokeza nyuma ya magunia, amejifunga leso kichwani. Alikipokea kitambulisho, akakipangusa kwa kidole gumba.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Akasema naumwa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Husema hivyo siku zote." "Mama, mimi sasa hivi niko kwa —"

"Usiniambie, mwanangu."

Phoebe akakitia kitambulisho kifuani. Walishikana mikono kitambo, watu wakiwapiga vikumbo, kisha akazama katikati ya umati.

Januari wageni walionyesha vitambulisho vyao, wakaondoka navyo mfukoni. Kopo halikuwapo tena, na kitabu kilikaa kimefunikwa. Jacktone alirudi siku moja, akasimama mbele ya meza bila kusalimu.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Alimkazia macho, akiutafuta uongo. Aliutafuta sana. Haukuwemo, naye akageuka akaenda zake.

Mara nyingine jioni, akikunja nguo zake mwenyewe, Nduku hutamani kujua kama yule mtoto wa watu amekula, kama amepata kazi, kama kwa hofu analala kiti amekiegemeza mlangoni. Nambari anayo. Haipigi.