Dakika Moja ya Yule Mwanamke

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Bunia ilikuwa kutafsiri filamu. Ukumbi wetu wa video, mtaa wa Bigo, ulijengwa kwa mbao na mabati. Nilikaa kando ya televisheni na maikrofoni. Watu wa filamu waliongea Kifaransa, nami nikawasemea kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake.

Mwaka juzi binti yangu, muuguzi kule Gety, aliniletea filamu. Ilihusu mashoga wa nchi ya mbali, jinsi walivyopigana ili polisi waache kuwakamata. Nilijua kwa nini ameileta. Alikuwa akiishi na mwanamke aliyempenda, na mimi miaka yote nilimwita huyo “mpangaji mwenzako”.

Tuliitazama kwanza nyumbani. Wanaume ndio walioandamana, wakapigwa, wakahutubia. Wanawake? Mama mmoja analia jikoni. Mke anagundua siri ya mumewe, anavunja sahani. Na mwingine, ambaye naye anapenda wanawake, anapiga chapa barua za wanaume na kuwaletea kahawa. Karibu na mwisho anasimama mkutanoni, anasema kwa dakika moja: sisi pia tulifukuzwa makwetu, mbona hamtutaji?

“Papa, filamu ya saa mbili, siye wanamuke tumepewa dakika moja,” binti yangu alisema. “Iyo dakika uiseme muzuri. Nataka niisikie mu sauti yako.”

Nikamwahidi.

Jumapili alasiri niliionyesha; ukumbi ulijaa, na binti yangu akakaa benchi la nyuma. Polisi walipowakimbiza waandamanaji, watu walishangilia. Yule mwanamke aliposimama, mtu akapiga mluzi.

“Muzee, uyu mama anasema nini? Iko nakasirika sana!”

“Sema, muzee! Ao umemupenda?”

Wakacheka. Niliogopa wasije wakaanza kuniuliza mambo ya nyumbani kwangu. Nikabana sauti, nikasema: “Anasema amechoka kupika kahawa, anatafuta bwana!”

Kicheko kikajaa ukumbi mzima. Nikaongeza mengine ya namna hiyo hadi dakika ikaisha. Nilipogeuka, binti yangu hakuwepo.

Tangu hapo nimetazama filamu nyingine za aina hiyo, peke yangu. Wanawake wa humo ni walewale, wanalia au wanangoja. Ningependa kuwalaumu waliozitengeneza. Lakini wao walimpa yule mama dakika yake. Mimi ndiye niliyemnyang’anya.

Nilikwenda Gety nikiwa nimeyaandika maneno yote ya yule mwanamke kwa Kiswahili. Mwenzake binti yangu alinipa kiti. Nikaanza kusoma, binti yangu akanikatiza.

“Apana, Papa. Mimi nasikia Kifaransa. Uende uwasomee wale walicheka.”

Jumapili iliyofuata walikuwepo karibu wote, kwenye mabenchi yaleyale. Karatasi ilikuwa mfukoni, maikrofoni mkononi. Nikaweka filamu ya karate. Binti yangu hajanipigia simu tena. Mimi pia sijampigia, maana ataniuliza kama nimewasomea.