Mimi Kisimani, Punda Nje

Simba walirudi kwetu msimu wa pili mfululizo ambao mvua ilituhepa. Bibi zetu waliwajua. Sisi tuliwajua kwa picha za vitabu vya shule. Askari wa wanyamapori alikuja kwenye baraza la chifu, upande wetu wa Zombe, akatuambia wametoka mbugani wakifuata mto mkavu. Tusiwaue, na tusitembee peke yetu.

"Na tukimwona tufanye nini?" nikamwuliza.

"Mama, wewe piga simu tu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Sisi hupata maji kwa kuchimba mchanga wa mto, na kisima changu kilikuwa kimeshanipita kimo. Nikiwa mle chini hata jirani simsikii, sembuse hiyo simu.

Kila mwenye kisima hukizungushia ua wa miiba, na akiingia huvuta tawi la mwiba nyuma yake kuziba mlango, ili mbuzi wa wengine wasimwangukie kichwani. Ndani panatosha mtu mmoja na mitungi yake. Punda hubaki nje.

Wetu alikuwa jike, tena mwenye mimba. Mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu, yaani mama, alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Sikumlaumu, punda hakuwahi kumjibu. Mume wangu alikuwa kazini mbali, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili na huyo punda.

Jumapili moja aliingia shamba la mzee wa kanisa akala ndengu zake. Mzee alinisema mbele ya watu baada ya ibada, nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Kesho yake, saa tatu asubuhi, nilipofika mtoni nilimfunga punda miguu ya mbele kwa kamba ya katani, nikakaza fundo mara mbili. Hasira yangu yote niliiweka kwenye lile fundo.

Nilikuwa kwenye mtungi wa pili nilipomsikia akikoroma. Nikamfokea anyamaze. Kisha nikasikia kishindo cha miguu iliyofungwa ikirukaruka, nikapanda vidato nilivyochonga mchangani, nikachungulia.

Walikuwa simba jike wawili, wamekonda, mbavu nje. Walikuja polepole. Nadhani walishajua kwamba amefungwa.

Punda alirukaruka hadi kwenye ua wangu, akasimama akinitazama. Miguu yake ilikuwa karibu kabisa. Panga nilikuwa nalo. Ningepenyeza mkono, miiba inichane, nikate kamba, basi. Lakini kutikisa miiba ni kuwaonyesha kwamba nipo. Nikajiambia, kata. Mkono ukakataa. Nilimchukia kwa kunifuata, Mungu anisamehe, nikamnong'oneza aende zake.

Nikashuka, nikachuchumaa majini, nikaziba masikio. Sitaeleza nilichosikia hata hivyo. Nilikaa mle hadi jua likanipiga utosini. Kuta zilidondosha mchanga mgongoni mwangu, na kila ulipodondoka nilijua ni wao wanaingia. Niliogopa kutoka, na niliogopa kubaki kisima kikanifukia. Nilitolewa na watu walioleta mbuzi wao kunywa.

Nyumbani nilisema punda alikuwa mbali, sikuweza kumfikia. Mwaitu alikuwa ameshaambiwa damu ilikutwa wapi. Alinishika mikono, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Si umerudi?" akasema. "Basi."

Akaingia jikoni akalia, na sikuthubutu kumfuata.

Askari walikuja wakapiga picha za nyayo, wakarudia maneno yale yale. Siku ya pili maji yakatuishia. Mwaitu akachukua fimbo yake, akasema twende. Nilibeba mtungi mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Mtoni hapakuwa na mtu.

"Ingia, mwiitu," akaniambia. Hakuwahi kuniita binti yake kabla ya siku hiyo. "Mimi magoti yamekataa kushuka. Nitasimama hapa niangalie hizo kona za mto. Nikiona kitu nitapiga nduru."

"Na ukiona, utakimbia na miguu gani?"

"Wewe ingia. Na ufunge."

Alikuwa amesimama kando ya ua, mchanga ukiwa bado mweusi kwa damu karibu na viatu vyake. Sijui kama aliuona. Nilitaka kumwambia turudi, lakini kurudi ni kwenda kukaa na mitungi mikavu. Nilitaka kuuacha mlango wazi, angalau. Nikashuka kidato kimoja, cha pili, nikamwona akitazama kona ya juu ya mto, amenipa mgongo.

Nikalishika tawi, nikalivuta mpaka mlango ukaziba.