Mume wa Robi Aliyeitwa Ofisini

Mimi Dafroza nilikuwa mpishi wa chuo cha ufundi cha serikali pale Nyasho, Musoma, tangu kilipofunguliwa miaka ya Azimio la Arusha mpaka magoti yaliponikatalia. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini hakuna fundi aliyetoka pale bila kula ugali wangu. Kwa hiyo ninapoeleza habari za Wankyo wa Buswahili, naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe.

Wankyo alikuwa mjane, mkulima wa pamba. Mungu hakumpa mtoto. Kwetu Mara mwanamke wa namna hiyo hakai akilia mpaka boma lake life. Anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, na watoto ambao mke huyo atazaa na mwanaume watakayemchagua wanaitwa kwa jina la nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu. Yeye alimwoa Robi, binti mkubwa wa Kiabakari aliyemaliza darasa la saba, na Robi alikubali kwa sharti moja: asome kwanza. Mwaka 1975 Wankyo akamleta chuoni asomee uashi.

Wasichana walikuwa wachache, wanalala katika bweni lililokuwaga stoo ya saruji. Asubuhi mchakamchaka, kisha karakana, jioni kupalilia mahindi ya chuo, maana kujitegemea kwetu hakukuwa wimbo tu. Robi alikujaga jikoni, vidole vimepasuka kwa chokaa, anaomba mafuta ya kupaka. Wavulana walimwita Bibi Tofali.

"Nichekeni vizuri," aliwaambia. "Siku mkitaka nyumba mtanitafuta."

Muhula wa pili akatokea Makongoro, mdogo wa marehemu mume wa Wankyo. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka jina la kaka yake liitwe na mtoto, na aliona ng'ombe zimetoka bure kama Robi anashinda na mwiko wa kujengea. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, Ndugu Kasmiri, akamwambia kwamba huyu msichana ameolewa.

Sheria ya chuo ilikuwa wazi: aliyeolewa hakai bwenini. Ndugu Kasmiri, mtu wa Songea, hakuwa amekaa kwetu sana. Akaagiza mume wa Robi aje amchukue mkewe. Sisi wa jikoni tulijua mume ni nani, ila hakuna aliyemwambia, maana tulidhani jambo kama hilo kila mtu analijua.

Siku yenyewe nilipeleka chai ofisini, nami sikuharakisha kutoka. Makongoro alikuwa ameshakaa. Wankyo akaingia na kitenge chake cha kanisani, akasalimia, akaketi. Ndugu Kasmiri akaendelea kutazama mlangoni.

"Shikamoo mama. Mwenye mke amebaki nje?"

"Marahaba mwanangu. Mwenye mke ndiye mimi."

Ndugu Kasmiri akakoroga chai ambayo sukari ilikuwa haijatiwa. Makongoro akaanza kumfafanulia habari za nyumba ntobhu, na kadiri alivyofafanua ndivyo mkuu alivyozidi kuona kwamba mume aliyemwita amekwisha kufika. Hata hivyo akasema sheria ni sheria.

"Hiyo sheria inaogopa nini?" Wankyo akauliza.

"Mimba, mama. Na waume wanaokuja kuwachukua wake zao kabla ya mtihani."

"Mimi sikuja kuchukua. Na hiyo mimba, nitampaje?"

Nikageukia dirisha na sinia langu. Hata Makongoro alikohoa. Lakini akarudi kwenye neno lake, safari hii taratibu.

"Shemeji, umezeeka. Ukifa kabla huyu hajazaa, je?"

Pale hakuna aliyecheka. Wankyo alimtazama mpaka yule bwana akainamisha macho.

"Nikifa, utamleta wewe. Utamleta mpaka amalize, halafu atarudi nyumbani azae. Jina la kaka yako nimelibeba peke yangu tangu tumzike. Nawe libebe kidogo."

Robi akaitwa kutoka karakana, overoli nyeupe kwa vumbi. Mkuu akamwambia achague, ndoa au chuo.

"Boma nilikubali, na chuo nilikubali," Robi akasema. "Siachi hata kimoja."

Ndugu Kasmiri akasema Robi abaki, ila akishika mimba ataondoka kama mwingine yeyote. Wankyo akamjibu kuwa wamepatana, akanywa chai yake mpaka mwisho, akaondoka kuwahi basi. Pamba ilikuwa inasubiri.

Mwaka uliofuata, kabla ya muhula wa mwisho, kifua kilimshika Wankyo na hakupona. Tulisikia amezikwa Buswahili. Chuoni wengi walisema basi, Robi harudi tena.

Siku ya kufungua chuo nilikuwa nachambua maharage nikamwona Makongoro anapita getini, sanduku la bati begani, jasho linamtiririka, na Robi nyuma yake katika nguo nyeusi za msiba. Alisimama mlangoni kwangu akauliza bweni la wasichana ni lipi. Nikamwambia wanaume hawaingii huko. Akalitua sanduku kwenye kizingiti changu na kuketi juu yake.

"Basi mpe maji," akasema. "Hajala wala kunywa tangu Buswahili. Nami nitakuja kumchukua akimaliza, si kabla."