Wageni Waliokataa Chumba Changu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Ofisi ilikuwa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, na mie msichana niliyerudi Omani na wazee wangu kutoka Unguja, Kiarabu changu bado kinachechemea. Mudir wa safari, yaani mkuu wa sisi waongozaji wa watalii, alinipandisha kwenye basi tupu, mna dereva tu, akanipa kipaza sauti, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Kila tukikata kona anauliza, "Binti, hapa wapi?"

Nikamtajia jina la mahali. Akanipigia kelele: "Jina limeandikwa kibaoni! Mgeni mwambie nani anaishi hapa, anakula nini, anagombana na nani!"

Mtihani huo tukiuita kusoma njia. Tulizunguka mpaka koo likanikauka. Jioni akasema, "Vizuri. Kesho uje kazini." Tangu hapo hakunisifu tena. Wasichana sote alituita binti, na jina langu sidhani kama alilishika.

Nyinyi vijana mnaoongoza wageni huku macho yamo kwenye simu, hebu sikilizeni. Sisi tulihesabu vichwa kabla basi halijaondoka, na tulihesabu kwa macho tu, maana Mudir hakutaka mgeni aoneshwe kidole kama mbuzi wa mnadani. Baadaye nilihamishiwa safari za jangwani, kisha bandarini kupokea abiria wa meli, chini ya mkuu mwengine aliyejua kufoka tu, kazi haijui. Kote huko, kichwani mwangu nlikuwa bado nnamfanyia kazi Mudir wangu. Mpaka nnastaafu, hakuna mgeni wangu hata mmoja aliyerudi kwao akinung'unika.

Sasa nambieni, mtu kama mie afanyiwe yale niliyofanyiwa juzi!

Mudir na mkewe Bi Zuwena, shoga yangu wa miaka, walihamia Salala, kusini kabisa, mzee alipostaafu. Wakaniletea habari kuwa wanakuja. Nikatandika mashuka mapya, nikafukiza udi, nikapika papa wa nazi. Mara naona gari-nyumba, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani kwa ndani, linaegeshwa mbele ya geti langu, hapa mtaani kwangu Madinat Sultan Qaboos, majirani wote wanatazama. Bi Zuwena ndiye dereva.

"Tutalala humu humu, shoga," akanambia. "Usijisumbue."

Nisijisumbue! Wageni wangu walale njiani kama waliofukuzwa, na chumba kinanukia udi? Wallahi nlipandwa na hasira. Yule papa nilimla peke yangu, na hakupita vizuri.

Asubuhi tukatoka kutembea, nimenuna, nimekaa nyuma yao kwenye kiti kando ya jiko. Tulipofika soko la Matrah, Mudir akageuka. "Binti, hapa wapi?"

Nikacheka kidogo, nikamjibu kama zamani, wauza ubani na ugomvi wao wote. Sokoni hakushuka, na Bi Zuwena naye akasema tupite tu. Mbele kidogo: "Binti, hapa wapi?" Nikajibu kwa ufupi. Njia nzima ya kwenda Yiti, kijiji cha pwani, ananitahini, na mie nnachemka. Nimestaafu, nna wajukuu, bado nasomeshwa njia na mtu aliyekataa kulala kwangu!

Yiti tuliegesha karibu na bahari. Bi Zuwena akanunua samaki kwa wavuvi, akawasha jiko lake la garini. Chakula changu pia kimekataliwa! Na hapo hapo Mudir akaniuliza tena.

"Khalas, basi, Mudir!" nikapiga kelele. "Hapa Yiti! Ulinileta mwenyewe zamani, unapajua kuliko mie! Mtihani gani huu usiokwisha?"

Mzee akajikunyata kitini. Bi Zuwena akazima jiko.

"Hakutahini, shoga," akasema. "Hajui. Hajui hapa wapi, na wewe hakujui. Akilala nyumba ya watu usiku analia, anatafuta mlango. Humu garini tu ndimo anamojua choo kiko wapi. Ndiyo maana nimejifunza kuliendesha."

"Na mie hukunambia?"

"Alikuwa mkuu wako. Sikutaka umuone hivi."

Hasira hazikunitoka, msije mkadhani. Nilimkasirikia shoga yangu kwa kunificha, nikayakasirikia maradhi yanayomla mtu aliyeijua nchi hii kona kwa kona. Mpaka leo nnazo. Lakini mzee alikuwa ananitazama kwa khofu, akauliza kwa sauti ndogo, "Binti, hapa wapi?"

Nikasimama. Nikamwambia hapa Yiti, wanaishi wavuvi, asubuhi wanagombania bei ya jodari, mchana wanakula pamoja. Nikamweleza mpaka koo likanikauka. Akasikiliza ametulia, mikono juu ya magoti.

"Vizuri," akasema. "Kesho uje kazini."

"Nitakuja, Mudir."

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Mie sijui. Kesho yake alfajiri nlikuwa mlangoni pa lile gari, getini kwangu, kitambulisho changu cha kazi shingoni, na sahani ya papa mwengine wa nazi mkononi.