Siku Niliyooshwa kwa Maji ya Upasuaji

Jamani, aibu nimeziona nyingi, lakini ipo moja ambayo hata leo ikitajwa natafuta pa kuuficha uso, na kwa kuwa mnaitaja kila mkikaa, tena kwa chumvi tele, bora niwasimulie mwenyewe mjue penye chumvi ni wapi na penye ukweli ni wapi (ukweli wenyewe ni mbaya kuliko chumvi).

Zama hizo za mkoloni nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, hapa Garissa, kijana wa Lamu, kaputula imepigwa pasi ikasimama, kichwa kimejaa upepo. Hospitali yetu ilikuwa vyumba viwili na stoo. Daktari wa kupasua hatukuwa naye, alikuja kwa lori kutoka mbali, na mvua ikinyesha barabara ikawa tope, basi hata mwenye ngiri alisubiri jua. Chumba cha upasuaji ndiyo hiyo stoo, tunatoa magunia tunaingiza meza. Shuka safi ya kumfunika mgonjwa tulikuwa nayo moja, shashi ya kufutia damu kidogo tu, na maji tuliyachota mtoni, tukayachuja, tukayachemsha kwenye stovu ya mafuta ya taa. Nawaeleza haya ili mjue nilichokiharibu.

Mgonjwa alikuwa Mzee Hirsi, mfugaji wa ngamia wa upande wa Diff. Ngiri ilikuwa imemtesa miaka, hawezi tena kumpakia ngamia mzigo, na sasa ilikuwa imeanza kukwama na kumtapisha. Daktari alimpima, akanivuta pembeni akaniambia, "Lazima tumpasue leo. Akirudi porini hivi, atafia njiani." Kisha akaenda kunywa chai kwa Bwana DC, akaniacha nichemshe vyombo, nitandike meza, na nimtoe mzee hofu.

Nikachemsha, nikatandika. Hofu ndiyo ikanishinda.

"Kisu mimi siogobi," mzee akasema, ameketi mezani, kaka yake Gedi na wapwa zake wamejaa mlangoni. "Lakini hii ya kulala, habana. Watu nafungua tumbo yangu, mimi nalala? Na nikilala nisirudi?"

"Utarudi, adeer," nikamwambia, yaani ami kwa Kisomali. "Ni usingizi tu."

"Wewe umelala nayo?"

Hapo ningesema "sijalala" na mambo yangeisha. Lakini mimi na kaputula yangu nikajibu, "Mara nyingi!"

"Haya, nusa," akasema Gedi. "Sisi tunaangalia."

Nikasema moyoni, matone mawili matatu yatanifanya nini? Mzee akanipisha mezani, nikalala chali kwa madaha, nikaweka kile kibarakoa cha shashi puani na kutonesha klorofomu, ile dawa yenyewe ya usingizi. Ilikuwa na utamu fulani, kama halua ikipikwa kwa jirani. Gedi akanifunua jicho akasema, "Huyu nadanganya, bado iko macho," na mimi kwa kiburi nikamwambia basi ongeza, akaongeza, na Gedi si mtu wa kupima. La mwisho ninalokumbuka ni kwamba nilikuwa namshika ndevu nikimwambia ni ndevu nzuri kuliko zote za wilaya.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Waliniita, kimya. Wakanifinya, kimya. Wakauinua mkono, ukaanguka. Kifua waliona hakipandi (kilipanda, lakini koti langu la kazi lilivyotiwa wanga nani angeona?). Mzee Hirsi akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akalia kabisa, maana aliamini amemuua mtoto wa watu. Na maiti ya Mwislamu haicheleweshwi, sembuse katika jua la Garissa, na mama yangu yuko Lamu, nani atanistiri kama si wao? Wakanielekeza kibla. Wakanifunga taya kwa shashi. Wakanifunga vidole gumba vya miguu kwa bendeji, wakanivua koti, wakanivua na kaputula. Kutafuta maji, wakayakuta kwenye sufuria, safi, vuguvugu. Na shuka nyeupe hiyo hapo, imekunjwa.

"Maskini," Gedi akasema, "amejitayarishia mwenyewe."

Nikazinduka naoshwa. Nikaona ndevu nzuri zinatiririka machozi juu yangu, nikataka kuuliza kuna nini, lakini taya limefungwa, ikatoka "Mmmmm!" tu. Weee! Mlango ulikuwa mmoja na wote walipita kwa pamoja. Nami kwa ujinga nikajizungushia shuka nikawafuata niwaeleze, nimefungwa vidole, naruka kama chura, msumari wa mlangoni ukaishika shuka ukabaki nayo. Nikatokea uani mbele ya akina mama wauza maziwa na Daktari na Bwana DC wanaorudi, nimevaa kitambaa cha taya peke yake.

Daktari hakunitazama hata. Akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa ameanguka kwenye ua wa miiba, ameshika tumbo, anatapika. Ngiri ilikuwa imekwama kabisa. Aibu yangu yote nikaisahau. Maji yamekwisha, shashi iko kichwani kwangu, shuka iko mchangani, na mtu anakufa kwa sababu ya majisifu yangu.

"Chemsha upya," Daktari akasema. Nikavaa, nikachota maji mengine, nikachemsha pamoja na shuka na shashi, kisha nikamwendea mzee nikijua atakataa, na nani angemlaumu.

"Nisamehe, adeer."

Akanyoosha mkono akanigusa shavu, kuona kama lina joto. "Mimi mwenyewe nimekufunga taya," akasema polepole. "Na umerudi. Kama hii dawa narudisha mjinga kama wewe, mimi itaniacha kwa nini? Niweke juu ya meza."

Safari hii nilitonesha kama niliyepewa maji ya zamzam niyagawe. Sikukiondolea macho kifua chake tangu kisu cha kwanza hadi uzi wa mwisho, nilisoma kila sura niliyoijua, na alipokaa muda mrefu bila kuzinduka nilielewa vizuri sana kwa nini Gedi alikuwa amelia.

Alasiri akafungua macho. Tukamwinamia sote. Akanitafuta mimi.

"Waryaa, Mayd," akasema, yaani wewe maiti, "nimekutafuta huko kote, sikukuona."

Basi jina likanasa, mnajua Wasomali wakikupa jina. Watu walikuja kutoka Eldas, kutoka Lafey, wasiotaka kamwe kusikia habari za kisu, wakiuliza yuko wapi Mayd aliyelala akarudi. Wanangu ni watoto wa Mayd. Nami niliapa kutomlisha mtu hakika nisiyokuwa nayo, na hata marashi nayanusia mbali.

Mzee Hirsi anapakia ngamia mpaka leo. Akipita mjini husimama mlangoni kwangu akapaza sauti, "Mayd, bado?"

"Bado, adeer," namjibu. "Maji yaache kwanza."