Rabi Alisema Bado Mtu Mmoja

Harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi hunirudisha Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka minane. Baba alikuwa akinunua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha Dar. Mkabala na mlango wetu, wafanyabiashara wa Kiyahudi walikodi chumba cha kusalia. Kiongozi wao alikuwa rabi kijana, mwenye ndevu nyekundu na kamba za viatu zisizofungwa kamwe.

Asubuhi moja chumba kile kiliungua. Hakuna aliyeumia, na rabi alitoka amekumbatia gombo lao la Torati kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Vitabu, viti, mapazia, vyote vikawa majivu. Bwana Ezra, mnunuzi wa jinzi, ndiye aliyesahau kuzima jiko la umeme. Alikimbilia kwetu. Baba akamtandikia godoro jikoni, na kwa siku mbili akala ndizi tu, maana dini yake haikumruhusu kula kutoka sufuria zetu.

Siku ya tatu wenzake walikusanyika mle mle, kwenye kuta nyeusi, wamesimama. Mlango wao ulikuwa umeungua pia, kwa hiyo nilichungulia nipendavyo. Mama alishaniambia kwamba hawaanzi sala ya pamoja mpaka watimie wanaume kumi. Nikahesabu. Kumi, pamoja na rabi. Nikarudia. Kumi.

Rabi hakuanza. Alivuka korido akabisha hodi kwetu, nami nikajua amekuja kumpiga Bwana Ezra.

"Ezra, tunakungoja," alisema. "Bado mtu mmoja."

"Nimewachomea nyumba ya sala. Nitawatazamaje usoni?"

"Utakuwa umewapa mgongo. Leo utatusalisha wewe."

Mama akampa Bwana Ezra taulo. "Nawa uso, baba, uende. Watu wanakusubiri."

Alisimama mbele yao, akaanza kwa sauti iliyotetemeka, kisha ikakatika. Wenzake wakaipokea pale pale alipoishia, mpaka naye akaweza kuendelea. Wiki iliyofuata nilimwona juu ya ngazi, akipaka rangi dari, huku mzee mmoja akimgombeza kwa kumdondoshea matone.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki nikicheka, kwamba rabi jirani yetu hakujua kuhesabu. Nilikuwa mtu mzima, nimemkosea dada yangu na kuona aibu kukanyaga kwake, nilipomwelewa rabi. Kumi walitosha kwa sala. Yeye alikuwa akihesabu watu wake.