Herufi Moja Nyuma ya Picha

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nikiona bango limekosewa herufi mkono huniwasha, na wanangu wamechoka kunikanya. Ndiyo maana pale makumbusho, mjini Chake, kazi ya kuandika kadi za picha za zamani za Wete nilipewa mimi.

Picha zenyewe zililetwa na wajukuu wa Mzungu mmoja aliyewahi kukaa Wete. Gati, soko, barabara haina hata baiskeli. Moja ilikuwa ya wanawake sita wamekaa jamvini wanachambua karafuu, na msichana mmoja kasimama nyuma yao na pakacha. Upande wa pili, kwa penseli, paliandikwa: "Wazalia, Wete." Nikacheka peke yangu. Mzungu kakosea, alikusudia wazaliwa. Nikaandika kadi safi, "Wazaliwa wa Wete," nikaitundika picha ukutani. Siku ya tatu nikaipiga picha kwa simu, nikaenda nayo nyumbani Madungu kumwonyesha mama.

Mama hakuitazama sana. Alimgusa wa tatu kutoka kushoto, akasema huyu ni bibi yake, ndiye aliyemlea. Mimi tena, furaha imenipanda, bibi yetu yumo makumbusho! Akaniuliza nyuma pameandikwa nini. Nikamtajia, nikamweleza na nilivyolisahihisha kosa. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Hakukosea," alisema. "Mzalia si mzaliwa. Mzalia ni mtoto wa mtumwa, kazaliwa papa hapa kwa bwana wake."

Miaka hamsini na mbili nimeishi nyumba ile, neno hilo sijapata kulisikia. Binti yangu keshaposwa, harusi imebaki wiki tatu, na wakwe ni watu wa kuhesabu babu zao mpaka ng'ambo ya bahari. Babaake kijana aliyemposa alishatuuliza mara mbili, kwa adabu zake zote, asili yetu hasa wapi. Mama alimjibu Kiuyu, huku huku kisiwani. Sasa alinishika mkono akaniomba niitoe picha ile, kwa sababu wazee wa Wete wanajua jamvi lile lilikuwa la nani na waliokalia ni kina nani. Watu husema mambo hayo yamekwisha, alisema, lakini ikifika kuoana hayajakwisha.

Asubuhi yake nilifika kazini wa kwanza. Nikaitungua picha ukutani, nikaitia katika mtoto wa meza yangu, nikafunga kwa ufunguo. Aliyeuliza nilimwambia inatiwa dawa ya wadudu. Kila aliyeingia amevaa kanzu nilidhani ni mkwe. Mwoga mkubwa miye, ukali wangu wote kumbe wa herufi tu.

Wiki ya pili aliingia bibi yake kijana, mama mzazi wa yule babaake, peke yake na mkongojo. Nilimjua tangu siku ya posa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mama na ya bi harusi, kila mmoja na zamu yake. Kisha akasema jirani yake kamwambia kuna picha ya wachambua karafuu. Nikajua basi, habari zimefika, kaja kuhakikisha ili wavunje posa. Nikamwambia haipo. Akavuta kiti akakaa, akasema yeye hana haraka.

Nilijifanya naandika. Alikaa mpaka watu wakatoka kwenda kusali adhuhuri, chumba kikabaki chetu wawili.

"Mamaangu kafa mie natambaa," alisema. "Sura yake siijui. Shangazi alikuwa akinihadithia, siku Mzungu alipowapiga picha wenziwe walikaa, yeye kasimama na pakacha."

Ningefanya nini? Nilifungua. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Machozi yalimtoka akayaacha. Halafu akataka nimsomee nyuma.

"Wazaliwa wa Wete, bibi."

"Nisomee kama palivyo."

Nikasoma: "Wazalia, Wete." Hakushtuka. Aligeuka akatazama mlangoni, na hapo ndipo nilipoona kuwa anaogopa kuliko mimi.

"Mwanangu hajui," alisema. "Kaoa, kazaa, mvi zimemwota, hajui. Weye umewaambia wangapi?"

Nikamwambia mama tu, maana na bibi yetu yumo. Nikamwonyesha, wa tatu kutoka kushoto. Akaniangalia, akaiangalia picha, akaniangalia tena. Akanirudishia, nikaifungia tena.

Harusi ilipita salama, alhamdulillahi. Babaake kijana alisimama akazungumza kirefu juu ya nasaba na heshima ya damu, mama yangu akitikisa kichwa kuitikia, na bibi yule kainamia sahani yake ya pilau.

Bado anakuja kuitazama picha, kila mwezi mara moja, wakati huo huo wa adhuhuri. Huniitikia marahaba, huuliza hali ya mama, hujifuta mikono kwa kanga. Na kabla sijatoa ufunguo huniambia kwa sauti ndogo, "Funga mlango kwanza, mwanangu."